Jezi Iliyovaliwa Uwanjani: Uamini Shahidi, Picha au Cheti?

Mwezi Aprili 2022, wakati jezi ya buluu yenye namba 10 ilipokuwa imekwisha kutangazwa kwa mnada na Sotheby's ya London, Dalma Maradona, binti wa mwanasoka wa Argentina Diego Maradona, alisema hadharani kwamba jezi hiyo siyo ile aliyoivaa baba yake alipoifunga Uingereza mabao mawili katika robo fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca. Hakudai kwamba ni ya bandia. Alidai kwamba ni ya kipindi cha kwanza. Kwa mtu asiyekusanya kumbukumbu za michezo tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini mabao yote mawili, lile la mkono na lile la kuwachambua walinzi mmoja baada ya mwingine, yalifungwa dakika ya 51 na dakika ya 55. Timu zilikwenda mapumziko bila kufungana, kwa hiyo jezi ya kipindi cha kwanza ingekuwa ya Maradona, ya siku ile ile na ya mchezo ule ule, lakini isingekuwepo pale jambo lilipotokea.

Mwenye jezi, kiungo wa Uingereza Steve Hodge, alikuwa na ushahidi ambao wakusanyaji wengi wangeuona unatosha kabisa. Alibadilishana jezi na Maradona mwenyewe mara baada ya mchezo, hakuiuza kwa karibu miaka 36, na kwa miaka ipatayo 20 aliiazimisha Jumba la Makumbusho la Taifa la Soka, ambalo sasa liko Manchester. Hata hivyo neno lake lilikuwa limekutana na neno la binti wa marehemu, na hapakuwa na hakimu kati yao. Ubishi huo ulijibiwa kwa picha, na tarehe 4 Mei jezi ikauzwa kwa pauni milioni 7.14.

Nimeanza na jezi hiyo kwa sababu inaonyesha kwa uwazi tatizo la mtu yeyote anayetaka kununua kitu kilichotumika mchezoni, awe na mamilioni au awe na dola mia mbili. Sokoni atakutana na namna nne za uthibitisho: alama iliyobandikwa siku ya mchezo na shahidi aliyekuwepo, ulinganisho wa picha, hati ya mtaalamu aliyeikagua jezi, na neno la mchezaji au la klabu. Wauzaji hupenda kuzitaja zote kwa jina moja, "cheti", kana kwamba ni kitu kimoja chenye bei tofauti. Ukweli ni kwamba kila moja inajibu swali lake, na mnunuzi anayelipia jibu la swali ambalo hakuliuliza atakuja kulijua kosa lake siku atakapotaka kuuza.

Shahidi aliyekuwepo

Mfumo bora zaidi wa namna ya kwanza ni ule wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, ulioanza mwaka 2001. Chanzo chake kilikuwa aibu. Katika miaka ya 1990 FBI ilifanya upelelezi mkubwa, ulioanzia Chicago na kuendelea San Diego kwa jina la Operation Bullpen, dhidi ya mitandao ya watu waliokuwa wakighushi sahihi za wanamichezo pamoja na vyeti vya kuzithibitisha. Tony Gwynn, nyota wa San Diego Padres, aliona sahihi zake za kughushi zikiuzwa katika duka la timu yake mwenyewe. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa kulikuwa na mipira ya besiboli iliyodaiwa kutiwa sahihi na Mama Teresa, jambo linalomfanya mtu ajiulize mnunuzi alikuwa akifikiria nini.

Ligi ilijibu kwa kuwaweka viwanjani mashahidi, wengi wao wakiwa maofisa wa polisi walio kazini au waliostaafu, ambao kazi yao ni kukitazama kitu kikitumika, kukipokea, na kukibandika hologramu yenye namba ya kipekee ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta katika tovuti ya ligi. Hologramu hiyo imetengenezwa ili iharibike ikibanduliwa. Ukali wa mfumo unaonekana zaidi katika kile unachokikataa. Mpira uliopigwa hadi jukwaani na kudakwa na mtazamaji kwa kawaida hauthibitishwi, hata kama mtazamaji huyo anaunyanyua mbele ya kamera, kwa sababu shahidi ameupoteza machoni kwa sekunde chache na jukwaani mtu anaweza kuwa na mpira mwingine mfukoni. Kwa sababu hiyo hiyo, hata kabla ya mfumo huu, mwaka 1998 wakati Mark McGwire na Sammy Sosa walipokuwa wakifukuzia rekodi ya kuupiga mpira hadi nje ya uwanja mara nyingi zaidi katika msimu mmoja, mipira waliyorushiwa iliwekewa alama za siri kabla haijatumika, ili ule utakaotua jukwaani uweze kutambuliwa baadaye.

Shahidi wa namna hii anajibu swali la nani aliona, na kwa kitu kipya sijui jibu lenye nguvu zaidi. Udhaifu wake ni kwamba haurudi nyuma. Jezi ya mwaka 1995 haiwezi kupata shahidi leo, na hologramu yoyote utakayoiona juu yake imebandikwa na mtu ambaye hakuwepo. Udhaifu wa pili unamhusu msomaji wa kwetu moja kwa moja: soka haina mfumo mmoja kama huu. Baadhi ya vilabu vya Ulaya huuza jezi za mchezo kupitia minada rasmi, na vingine huzitoa kwa hisani, kama jezi zenye ua la popi za mwezi Novemba nchini Uingereza, ambazo hupigwa mnada kulichangia Royal British Legion, shirika la kuwasaidia wanajeshi wa zamani. Jezi zilizopita njia hizo zina asili inayoeleweka. Zile zilizotoka kwa kubadilishana uwanjani, ambazo ndizo nyingi na ndizo tamu, hazina shahidi rasmi.

Picha, na kwa nini jezi ya Maradona ilikuwa na bahati

Kulinganisha picha maana yake ni kuichukua jezi iliyo mezani na picha ya mchezo iliyo kali vya kutosha, kisha kutafuta katika vyote viwili alama ambayo haiwezi kujirudia katika jezi nyingine. Si kazi ya kusema "inafanana". Jezi zote za timu moja zinafanana. Zimetengenezwa ili zifanane. Kinachotafutwa ni kasoro: uzi uliopinda, ncha ya namba iliyoangukia katikati ya mstari badala ya pembeni, kiraka kilichoinama kidogo upande wa kushoto.

Jezi ya Azteca ilijaa kasoro kwa sababu ya haraka. Jezi za ugenini za Argentina zilikuwa nzito, na kocha Carlos Bilardo hakutaka wachezaji wake wazivae saa sita mchana katika joto la Mexico City. Mtumishi wa timu alitumwa madukani akarudi na jezi nyepesi za Le Coq Sportif zenye mistari ya buluu inayopishana kung'aa. Nembo za chama cha soka zikashonwa haraka haraka, na mgongoni zikawekwa namba za rangi ya fedha za mtindo wa soka ya Kimarekani. Kazi ya mkono iliyofanywa kwa haraka haitoi jezi mbili zilizo sawa. Nembo ya jezi moja itagusa mstari mahali ambapo nembo ya jezi ya pili haiufikii, na tarakimu ya jezi moja itakaa juu kidogo kuliko ya nyingine. Kampuni ya Resolution Photomatching, iliyopewa kazi na Sotheby's, iliilinganisha jezi ya Hodge na picha za mabao yote mawili kwa kufuata nembo, mistari na namba. Laiti Argentina ingepata jezi zake kutoka kiwandani kwa wakati, zikiwa zimebandikwa kwa mashine zote kwa kipimo kimoja, nadhani kazi hiyo ingekuwa ngumu mara kadhaa zaidi.

Hapo ndipo ulinganisho unapotofautiana kutoka mchezo hadi mchezo, na mnunuzi anafaa kulijua hili kabla ya kulipia huduma. Jezi za hoki ya barafu ni rahisi kuliko zote, kwa sababu hupigwa na fimbo, huchubuliwa na kingo za uwanja, huchanika mikononi na kushonwa tena na kuendelea kuvaliwa. Kila kovu ni saini. Jezi za mpira wa kikapu zina matundu madogo madogo, na kingo za namba hukatiza matundu hayo mahali tofauti katika kila jezi, hivyo picha kali ya kifua inaweza kutosha. Jezi za soka zenye mistari huweza kusaidika pale mistari inapokutana kwenye mshono wa bega au wa ubavu. Ugumu wote uko kwenye jezi ya soka ya kisasa ya rangi moja, yenye namba iliyobandikwa kwa joto na iliyovaliwa dakika 45 tu. Unaweza kuitazama kwa kioo cha kukuzia mchana kutwa usipate hata nukta moja ya kushikilia, na mlinganishaji mwaminifu atakurudishia akisema kwamba hakupata jibu. Kushindwa kupata jibu hakumaanishi kwamba jezi ni ya uongo, ingawa muuzaji wa baadaye atalazimika kulieleza jambo hilo.

Picha inajibu swali la kitambaa kipi, na katika soko la leo jibu hilo ndilo linalolipwa zaidi. Jezi ambayo Michael Jordan aliivaa katika mchezo wa kwanza wa fainali za NBA za mwaka 1998 iliuzwa Septemba 2022 kwa dola milioni 10.091. Jezi ya nyota wa besiboli Babe Ruth ya fainali za mwaka 1932 ilikuwa imeuzwa dola 940,000 mwaka 2005; Agosti 2024, ikiwa imeshalinganishwa na picha, iliuzwa dola milioni 24.12. Sisemi kwamba picha peke yake ndiyo iliyoongeza thamani hiyo yote, kwa kuwa soko zima lilipanda katika miaka hiyo, lakini hakuna mnunuzi wa kiwango hicho anayenyanyua mkono leo bila kuziona picha.

Ina hatari zake. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuichukua picha ya mchezo na kuipaka jezi yake tope mahali panapotakiwa. Kwa sababu hiyo ulinganisho unaotegemea madoa peke yake ni dhaifu kuliko unaotegemea mishono na mkao wa namba, na ripoti nzuri huanza na vitu ambavyo mkono wa mlaghai hauwezi kuvigusa bila kuibomoa jezi. Vifaa vingine hubadilika kihalali. Katika kesi iliyofunguliwa New Jersey mwaka 2014 na wakusanyaji waliodai kwamba kofia ngumu walizonunua kama zilizotumika na New York Giants, timu ya soka ya Kimarekani, hazikutumika mchezoni, upande wa utetezi ulikana madai hayo na kuupinga ulinganisho wa picha kwa hoja kwamba kofia hupelekwa kukarabatiwa msimu unapokwisha, na hivyo alama zake hubadilika. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano Mei 2018 kabla ya kusikilizwa mbele ya baraza la mahakama, lakini hoja ya ukarabati inabaki kuwa ya maana kwa yeyote anayenunua kofia badala ya jezi.

Mtaalamu na hati yake

Mtaalamu huitazama jezi yenyewe: kitambaa, mkato, lebo, namna nembo ilivyowekwa, aina ya herufi, ukubwa alioupenda mchezaji, na dalili za kuvaliwa. Kampuni kama MEARS ya Marekani zilijenga sifa kwa kutoa madaraja yanayofikia A10. Swali linalojibiwa hapa ni kama jezi hii *inaweza* kuwa ndiyo, na wanunuzi wengi hulisoma jibu kana kwamba linasema ndiyo. Jezi iliyoandaliwa kwa ajili ya mchezaji ikabaki kwenye sanduku la akiba itafaulu karibu vipimo vyote hivyo, kwa kuwa ilitoka kiwanda kile kile, siku ile ile, kwa vipimo vile vile. Kinachokosekana ni jasho, na jasho linaweza kuongezwa na yeyote mwenye muda wa kwenda kukimbia.

Nguvu ya ukaguzi wa namna hii iko katika kukataa, na kwa hilo hauna mpinzani kwa gharama yake. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kwa njia ya mtandao jezi ya timu ya taifa iliyodaiwa kuvaliwa katika mchezo wa kufuzu. Ilikuja na cheti kwenye karatasi nene, chenye muhuri wa rangi ya dhahabu na sahihi isiyosomeka, na nakiri kwamba karatasi ile ilinituliza moyo kwa wiki nzima. Kisha nikaigeuza jezi ndani nje, nikaivuta lebo ndogo ya ubavuni kwenye mwanga wa dirisha, nikasoma mwezi na mwaka wa kutengenezwa: miezi minne baada ya mchezo wenyewe kuchezwa. Nilipoiangalia tena nembo ya kifuani niliona imetariziwa kwa uzi, ilhali picha za mchezo ule zilionyesha wachezaji wakiwa na nembo nyororo ya kubandikwa kwa joto, kama ilivyo kawaida ya jezi za wachezaji siku hizi. Tarizi ni ya jezi za dukani. Aliyeniuzia alijibu kwamba kiwanda hukosea lebo, halafu hakujibu tena. Jezi ninayo bado. Huwaonyesha wanaoanza kukusanya, na lebo ile imewasaidia kuliko maelezo yangu yote.

Neno la mchezaji

Hili halihitaji maneno mengi. Barua ya mchezaji, au picha yake akikukabidhi jezi, inajibu swali la imetoka wapi, na kwa jezi zisizo na shahidi wala alama za kulinganisha inaweza kuwa ndiyo ngao pekee. Ila wachezaji husahau kama watu wengine. Mtu aliyecheza michezo mia nne hakumbuki ni jezi ipi aliyompa binamu yake, na wengi kwa nia njema kabisa hutoa jezi ya akiba wakiamini ndiyo waliyoivaa. Kisa cha Hodge kinafundisha hilo kwa upande wa pili: yeye alikumbuka sawasawa, na bado ilibidi picha zimtetee. Barua ni bora ikieleza mchezo, tarehe na kipindi, na ikiwa imeandikwa na aliyekuwepo badala ya wakala wake.

Uchague ipi

Kwa kitu cha Marekani kilichotumika baada ya mwaka 2001, na hasa cha besiboli, mimi nisingenunua bila alama ya ligi, kwa sababu mfumo upo na unaeleweka. Anayeuza jezi ya nyota wa leo bila alama hiyo anawajibika kueleza kwa nini. Kwa kitu cha kale, picha kwanza, na hati ya mtaalamu iwe ya kuondoa shaka za kiwandani kabla hujalipia ulinganisho. Kwa jezi ya bei ya chini mambo hugeuka, maana gharama ya kampuni ya kulinganisha inaweza kuizidi bei ya jezi, na hapo unalazimika kuwa mtaalamu wako mwenyewe: uombe picha za lebo zote kabla ya kulipa, uzitafute picha za mchezo katika hifadhi kubwa za wapiga picha, na uukubali ukweli kwamba jezi hiyo utaiuza kwa mtu mwenye shaka zile zile ulizokuwa nazo wewe.

Wakusanyaji wa Afrika Mashariki wana uwanja mzuri wa kujifunzia. Mbwana Samatta alijiunga na Aston Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akafunga dhidi ya Bournemouth tarehe 1 Februari na tena dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley tarehe 1 Machi, na kufikia Septemba alikuwa amekwenda Fenerbahçe. Kipindi kifupi hivyo kinaacha jezi chache za kweli na nafasi kubwa ya uongo, lakini kalenda yenyewe inamsaidia mnunuzi. Jezi inayodaiwa kuwa ya fainali ya Wembley ikiwa na nembo ya Ligi Kuu mkononi ina maswali ya kujibu, kwa kuwa Kombe la Ligi lina nembo yake. Ligi iliporejea Juni 2020 baada ya kusimama kwa sababu ya korona, jezi ziliongezewa alama ya kuishukuru huduma ya afya ya Uingereza, NHS. Basi jezi inayodaiwa kuwa ya Julai bila alama hiyo, au ya Februari ikiwa nayo, inaweza kurudishwa kwa mwenyewe bila kumsumbua mtaalamu yeyote.

Kwa jezi ya Samatta iliyovuka vichujio hivyo, ningemwomba muuzaji picha moja tu ya ziada kabla ya kuzungumza bei: namba ya mgongoni, ikiwa imenyooshwa juu ya meza na kupigwa kutoka juu kwa mwanga wa pembeni, ili kingo zake na umbali wake kutoka mshono wa bega vionekane. Bao la Wembley lilifungwa kwa kichwa cha kuruka mbele, na aliyeanguka hivyo kwenye nyasi hainuki na jezi iliyokaa kama ilivyotoka kwenye pasi.